Nimegongwa nikivuka barabara Maryland, bima wanasema kosa langu dogo linafuta madai yote. Ni kweli?

*Swali:* Wakili, habari za kazi. Naishi Silver Spring, Maryland, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mwezi wa pili, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, nilitoka kwa mzee mmoja nikawa naelekea kwa mwingine. Nilivuka Georgia Avenue taa ya waenda kwa miguu ikiniruhusu, gari lililokuwa linatoka barabara ya pembeni likakata kushoto na kunigonga. Nilivunjika kifundo cha mkono, goti likaumia, nikakaa wiki 7 bila kazi. Bili za hospitali zimefika dola 18,000. Siku 2 baada ya ajali bima ya dereva walinipigia nikawaeleza kila kitu, wakarekodi. Sasa wameniandikia kwamba hata kama dereva wao alikosea, mimi nilikuwa nje ya mistari ya kivuko, nimevaa nguo nyeusi, na nilikuwa kwenye simu, kwa hiyo hawadaiwi hata senti. Wako tayari kunipa dola 1,500 nikisaini karatasi yao. Binamu yangu aligongwa Washington, naye alikuwa na kosa lake, lakini alilipwa. Je, wanasema kweli au wananitisha kwa sababu mimi mgeni?

*Jibu:* Dada yangu, pole sana kwa maumivu na kwa hizo wiki 7. Nianze na linalouma: kanuni waliyokuandikia ipo, hawakuitunga. Lakini barua yao imeunganisha mambo mawili kana kwamba ni moja: kanuni yenyewe, na madai kwamba kanuni hiyo inakuhusu wewe. La kwanza ni sheria. La pili ni maneno ya kampuni ambayo ikikulipa inatoa fedha zake yenyewe, na hakuna hakimu aliyeyapitisha.

Kwa Kenya na Tanzania tumezoea mahakama kugawa lawama. Dereva wa matatu asilimia 80, mtembea kwa miguu 20, fidia inapunguzwa kwa hiyo 20 na maisha yanaendelea. Maryland hawagawi. Ikithibitika kwamba uzembe wako ulichangia ajali, hata kwa asilimia 1, hupati chochote, hata kama dereva ana asilimia 99. Ni kama tone la mafuta ya taa kwenye mtungi wa maji. Marekani nzima kanuni hii kamili imebaki katika majimbo manne tu, yaani Maryland, Virginia, North Carolina na Alabama, pamoja na mji wa Washington kwa baadhi ya ajali. Bahati mbaya, wengi wetu tunaishi katika baadhi ya hayo.

Inatoka Uingereza. Mwaka 1809, katika mji wa Derby, mtu mmoja alikuwa akikimbiza farasi jioni, akajikwaa kwenye nguzo ambayo mtu mwingine alikuwa ameilaza barabarani wakati akitengeneza nyumba yake. Mahakama ikasema: nguzo haikupaswa kuwa pale, lakini nawe ungekwenda kwa uangalifu ungeiona, kwa hiyo huna lako. Waingereza wenyewe waliiacha kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1945, na ndiyo maana nchi zetu, zilizorithi sheria kutoka kwao, zinagawa lawama. Maryland iliipokea mwaka 1847 na hadi leo haijaiacha.

Usifikiri ni kanuni ya makaratasi tu. Mwaka 2008, katika uwanja wa shule huko Fulton, hapo hapo Maryland, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akijitolea kufundisha mpira aliruka akashika mwamba wa goli. Goli lilikuwa halijafungwa chini. Likamwangukia usoni na kumvunja mifupa. Jopo la raia, yaani watu wa kawaida wanaoitwa mahakamani kuamua kesi, lilisema chama cha soka kilikuwa na uzembe, likasema uzembe huo ndio ulimuumiza, kisha likasema naye kijana alikuwa na uzembe. Akatoka mikono mitupu. Kesi hiyo, Coleman dhidi ya Soccer Association of Columbia, ilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo mwaka 2013, na majaji 5 kati ya 7 wakasema kama kanuni ni ya kubadilishwa, wabunge waibadilishe. Jaji mmoja wa wale wawili waliopinga aliifananisha na dinosaria. Wabunge wameletewa miswada, hadi leo kanuni iko palepale.

Binamu yako alilipwa kwa sababu ya mahali tu. Washington ilitunga sheria mwaka 2016 kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wanaogongwa na magari: kosa lao haliwazuii kulipwa mpaka lizidi la upande wa pili. Na mahakama za Maryland hufuata sheria ya mahali ulipoumia, si mahali unapoishi. Georgia Avenue hiyo hiyo ukiifuata kuelekea kusini, ukishavuka Eastern Avenue uko Washington. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza yeyote aliyegongwa maeneo hayo ni upande gani wa Eastern Avenue. Wewe umesema Silver Spring. Hakikisha na ripoti ya polisi, ila nadhani uko Maryland.

Sasa tuje kwenye barua yao, maana hapo ndipo kuna la kupigania.

Kitu ambacho barua hizi hazisemi ni kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa lako ni wao. Wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba ulikuwa malaika. Tena lazima waonyeshe mambo mawili: kwamba hukutumia uangalifu ambao mtu wa kawaida mwenye busara angeutumia, na kwamba kukosa huko ndiko kulikochangia ugongwe. Kosa lisilohusiana na ajali halihesabiki. Kama ungekuwa na kitambulisho kilichokwisha muda, ni kosa, lakini halikukugongesha. Tuzipime hoja zao kwa kipimo hicho.

Nguo nyeusi ndiyo hoja nyepesi kuliko zote. Sare za kazi yako nyingi ni bluu nzito au nyeusi, na hakuna sheria inayomtaka mtu avae rangi ya kung'aa ili avuke kwenye makutano yenye taa. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayekatiza barabara yenye giza katikati ya mahali ambapo hakuna kivuko. Nenda pale jioni, saa ileile uliyogongwa, mwombe mtu apige picha kutoka usawa wa kiti cha dereva anayekata kushoto. Nguzo za taa zikionekana zimewaka na mtu aliyesimama kivukoni anaonekana, umemaliza.

Simu ni nzito kidogo. Kuongea na simu ukivuka si kosa la jinai, lakini jopo linaweza kuona kwamba mtu mwangalifu asingefanya hivyo. Ila hujaniambia ulikuwa unaongea wakati unagongwa au ulikuwa umeishika tu, na bima nao hawajui. Wameyatoa kwenye mazungumzo yenu yale. Chukua orodha ya simu zako kutoka kwa kampuni ya simu, linganisha dakika ya mwisho ya maongezi na dakika ambayo mtu alipiga 911. Kama kuna pengo, hoja imekufa. Kama hakuna pengo, usifute chochote na usiseme uongo. Kuna jibu jingine. Gari lilikuja kutoka kushoto au nyuma ya bega lako, likikata kona, wewe ukiwa na taa. Hata ungekuwa huna simu kabisa, ungeliona kwa wakati wa kuruka pembeni? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo simu haikuchangia kitu.

Hoja ya mistari ndiyo yenye hatari, na ndiyo ninayotaka uielewe vizuri. Sheria ya Maryland inamtaka dereva asimame kumpisha mtu aliye ndani ya kivuko. Ukivuka nje ya kivuko, inageuka: wewe ndiye unayetakiwa kupisha gari. Kuvunja kifungu hicho si hukumu ya moja kwa moja, ni ushahidi mmoja wa uzembe ambao jopo linaupima pamoja na mengine, lakini ni ushahidi mbaya kuwa nao.

Sasa, wamejuaje ulikuwa nje ya mistari? Tafuta mchoro ulio kwenye ripoti ya polisi. Nakisia utakuta askari amechora mtu amelala hatua kadhaa nje ya kivuko. Askari huyo hakuwapo ulipogongwa. Alichora alipokukuta. Na mtu anayegongwa hadondoki papo hapo, anasukumwa kule gari linakoelekea. Gari lililokuwa linatoka barabara ya pembeni na kukata kushoto kuingia Georgia Avenue lilikuwa linaacha makutano nyuma yake, kwa hiyo lingekusukuma mbali na makutano, yaani nje ya mistari, hata kama mguu wako ulikuwa katikati kabisa ya kivuko. Mahali ulipolala ni ushahidi wa ulikosukumwa. Nimeona madai mazuri yakiachwa kwa sababu mdai mwenyewe aliutazama mchoro ule akaamini kwamba ndipo alipokuwa anatembea.

Vinavyoonyesha ulipogongwa ni vitu vidogo. Kiatu kilichochomoka mguuni. Mfuko wa chakula uliopasuka. Vioo vya taa ya gari. Sehemu ya gari iliyobonyea: pembe ya mbele kushoto au ubavuni? Na kamera, ambazo ndizo zitakazokuokoa kama zipo. Mabasi ya Ride On na ya Metro yana kamera, na Georgia Avenue haikosi basi. Maduka ya kona yana kamera. Tatizo ni kwamba picha hizo hazikai; mashine hurekodi juu ya za zamani, nyingine kwa wiki chache tu. Barua ya kudai zihifadhiwe iende leo, hata kama hujapata wakili: taja tarehe, saa, makutano, na uombe wasifute. Rekodi za 911 na za kamera ya askari unaziomba chini ya sheria ya Maryland ya upatikanaji wa taarifa za umma. Dereva akisikika akisema "sikumwona" kwenye kamera ya askari, sahau barua ya bima, hiyo ndiyo kesi yako. Kutomwona mtu aliye na haki ya njia mbele ya gari lako si utetezi.

Kuna njia nyingine ya kutokea, inayoitwa nafasi ya mwisho ya wazi. Nayo ni ya Waingereza, ya mwaka 1842: mtu alimwacha punda barabarani amefungwa miguu, jambo la kizembe, mkokoteni ukaja mbio ukamkanyaga. Mwenye punda akalipwa, kwa kuwa mwendeshaji angeweza kumkwepa. Maryland wanaikubali lakini kwa mlango mwembamba: lazima uonyeshe kwamba baada ya kosa lako dereva alipata nafasi mpya ya kuepusha ajali, akaiacha. Katika ajali ya kukata kona kila kitu hutokea kwa sekunde moja au mbili, kwa hiyo mimi nisingeiweka mbele. Iwekwe akiba.

Kuhusu yale mazungumzo yaliyorekodiwa. Najua ulifanya kwa nia njema. Kwetu mtu akikupigia kwa upole kukuuliza hali baada ya ajali, unamweleza. Lakini hukuwa na wajibu wowote wa kuzungumza na bima ya dereva. Ndiyo maana walikuomba ruhusa kwanza, kwa sababu Maryland huruhusiwi kurekodi simu bila ridhaa ya pande zote. Maswali yao yamepangwa kwa ajili ya kanuni hii. "Ulikuwa na haraka kidogo?" Nani hana haraka akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine? "Uliliona gari kabla halijakugonga?" Ukisema ndiyo, watauliza kwa nini hukusimama. Ukisema hapana, watauliza kwa nini hukutazama. Omba nakala ya rekodi hiyo kwa maandishi. Kuanzia sasa jibu ni moja: niandikieni. Na mitandaoni, acha kuelezea ajali yako kwa namna yoyote, hata kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya.

Hiyo karatasi ya dola 1,500, usiisaini. Ukisaini umefuta madai yako yote dhidi ya dereva, hata daktari akisema mwezi ujao goti linahitaji kupasuliwa. Na jiulize mwenyewe: kampuni yenye uhakika kwamba haidaiwi kitu inatoa dola 1,500 za nini?

Wakati huo huo kuna fedha mbili ambazo hazijali kabisa nani alikosea, na naona hakuna aliyekuambia. Ya kwanza ni kinga ya majeraha binafsi, inayoitwa PIP, ambayo iko ndani ya bima za magari za Maryland. Mtembea kwa miguu anaweza kuidai kwenye bima ya gari lililomgonga. Kiwango cha chini ni dola 2,500, inalipa matibabu na asilimia 85 ya kipato ulichopoteza, mpaka kiwango hicho kiishe. Ni kidogo, lakini haiulizi ulikuwa ndani ya mistari au nje. Peleka fomu yake kabla mwaka haujaisha tangu ajali.

Ya pili huenda ikawa kubwa kuliko madai yenyewe. Umesema ulikuwa unatoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini kwa kawaida haihesabiki kuwa kazi, lakini safari kati ya mteja na mteja wa wakala yule yule ni jambo tofauti. Hapo una hoja nzuri ya fidia ya wafanyakazi walioumia kazini. Kule hakuna mambo ya uzembe wako. Wanalipa matibabu, na kwa zile wiki ulizoshindwa kufanya kazi wanalipa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki. Mawakala wengi wa kazi za wazee watakuambia wewe si mfanyakazi wao kwa kuwa wanakulipa kwa fomu ya 1099, ile ya kodi ya watu wanaojitegemea. Usikubali haraka. Tume ya fidia huangalia nani anapanga ratiba, nani anaelekeza kazi ifanyike vipi, nani anaweza kukufukuza. Jina la fomu halimalizi swali. Mwajiri alipaswa kuarifiwa ndani ya siku 10. Kama ulimpigia msimamizi siku ile kumwambia hutafika, tafuta ule ujumbe, huo ni taarifa. Kuchelewa kunaweza kusamehewa, lakini miaka 2 ikipita bila kufungua madai kwa Tume, basi. Fahamu pia kwamba ukija kulipwa na dereva, waliokulipa fidia ya kazini watadai kurudishiwa chao, na bima ya afya vilevile. Hulipwi bili moja mara mbili.

Wakili wa ajali huchukua asilimia ya kitakachopatikana, kwa kawaida theluthi moja mkimalizana nje ya mahakama na asilimia 40 kesi ikifunguliwa. Mkataba huo Maryland lazima uwe wa maandishi na uwe na saini yako. Soma mahali panaposema gharama za mashahidi na nyaraka analipa nani kesi ikishindwa. Nitakueleza ukweli mwingine: kwa sababu ya kanuni hii mawakili wengi watakukataa kwenye simu ya kwanza. Wakisikia "nje ya mistari" wanafunga daftari. Kwa hiyo usianze na barua ya bima. Anza na taa iliyokuruhusu, gari lililokuwa linakata kushoto, na mahali lilipobonyea.

Mkifika mahakamani, madai yasiyozidi dola 30,000 yanaweza kusikilizwa District Court, ambako hakimu anaamua peke yake na hati za hospitali zinaweza kupokelewa bila daktari kuja kutoa ushahidi, mradi upande wa pili umepewa taarifa mapema. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu daktari wa mifupa anaweza kukutoza maelfu ya dola kwa nusu siku. Ukidai zaidi ya dola 25,000, upande wa pili unaweza kuomba jopo la raia na kesi ikahamia Circuit Court, Rockville. Kwa bili za 18,000, mshahara wa wiki 7 na maumivu, kesi yako iko kwenye mpaka huo. Mimi binafsi, kama kamera ikipatikana inayoonyesha uko kivukoni, ningedai zaidi na kwenda kwa jopo. Watu wa kawaida, wakishaelezwa kwamba kosa dogo linafuta kila kitu, husita kulitamka. Kama hakuna kamera na ni neno lako dhidi ya la dereva, ningedai dola 25,000 kamili, nibaki kwa hakimu, na nisikilize pendekezo lolote la maana la kumalizana.

Muda wa kufungua kesi dhidi ya dereva ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Lakini kama itaonekana taa za makutano zilikuwa mbovu, au aliyekugonga alikuwa anaendesha gari la kaunti au la jimbo, taarifa ya maandishi inatakiwa ndani ya mwaka 1, tena kwa ofisi maalumu, na ukikosea ofisi unaweza kupoteza madai yako. Kazi zako zikikupeleka Virginia, kule ni miaka 2.

Na ugeni wako hauna nafasi hapa. Mahakama za Maryland hazimzuii mtu kudai fidia kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji. Wakala wa bima akikuuliza habari hizo kwenye simu, huna wajibu wa kumjibu. Andika jina lake na saa aliyokupigia, umpe wakili wako.